Waya mmoja, washindani wengi: Jinsi kampuni hukubaliana kuunda viwango vya tarakilishi

KAMPUNI saba ambazo kwa kawaida huwania wateja wale wale ziliketi pamoja mwaka 1994 kujadili kero moja: nyuma ya kila tarakilishi kulikuwa na msitu wa soketi. Kibodi ilikuwa na tundu lake, kipanya nacho chake, printa ilitumia plagi pana yenye pini 25, nayo modemu ilihitaji nyingine tofauti. Aliyetaka kuongeza kifaa kipya mara nyingi alilazimika kuzima mashine, kufungua kasha, kupachika kadi ndani, kisha kuwasha upya huku akiomba vifaa viwili visigombanie nafasi moja.

Kampuni hizo, Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel, ndizo zilizozaa USB. Toleo la kwanza la kiwango hicho lilitolewa Januari 1996. Leo ni vigumu kupata simu ya mkononi, kipakatalishi au printa mpya isiyo na soketi ya aina hiyo.

Hata hivyo, USB haikubuniwa na serikali yoyote, wala na shirika la kimataifa. Iliandikwa na chama cha hiari cha washindani, ambao kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kutaka mambo yaende kwa njia yake. Makala haya yanaangazia namna vyama vya aina hiyo hufanya kazi, kwa nini baadhi ya viwango hushamiri huku vingine vikifa, na kwa nini swali la nani alipwe limeamua mengi kuliko ubora wa waya wenyewe.

MAANA YA KIWANGO

Tarakilishi ni mkusanyiko wa sehemu nyingi zilizotengenezwa na kampuni mbalimbali katika nchi mbalimbali. Kuna chipu kuu inayofanya hesabu, kumbukumbu, diski, kadi ya picha na vifaa vya nje kama vile printa. Sehemu hizo hazina maana iwapo haziwezi kupashana data.

Kiwango cha kuunganisha ni waraka unaoeleza mapatano ya upashanaji huo. Waraka hutaja umbo na vipimo vya plagi, idadi ya nyaya, kiasi cha umeme kinachopita katika kila waya, muda ambao kila ishara inastahili kuchukua, na lugha ambayo vifaa hutumia kutambulishana. Ni kazi ndefu. Waraka wa USB toleo la pili, lililotolewa Aprili 2000, una kurasa 650.

Kuna njia tatu ambazo kiwango huweza kupatikana. Ya kwanza ni kampuni moja yenye nguvu kuunda yake na kuwalazimisha wengine waifuate. Ya pili ni mashirika rasmi ya kimataifa, kama vile ISO na IEC, ambako nchi huwakilishwa na kupiga kura. Ya tatu ni muungano wa kampuni, ambapo wenye viwanda hukutana wenyewe, huandika waraka wao na kuutoa sokoni.

Katika nyanja ya tarakilishi, njia ya tatu ndiyo iliyotawala. Sababu kuu ni kasi. Chipu mpya hutoka kila mwaka, ilhali kamati za mashirika rasmi huweza kuchukua miaka mingi kabla ya kuafikiana. Sababu ya pili ni funzo chungu ambalo sekta hiyo ililipata mwishoni mwa miaka ya themanini.

FUNZO LA IBM

IBM ilipozindua tarakilishi yake ya kibinafsi mwaka 1981, ilichapisha maelezo ya njia ya ndani iliyotumika kupachika kadi. Kampuni nyingi zikaanza kuunda kadi za kuongeza kumbukumbu, picha na sauti. Nyingine, Compaq ikiwa mstari wa mbele, zikaiga mashine nzima. Baada ya miaka michache IBM ikajikuta muuzaji mmoja tu miongoni mwa wengi, katika soko ililolianzisha yenyewe.

Aprili 1987 ilijaribu kurejesha usukani mkononi mwake. Ilitoa mashine mpya zilizoitwa PS/2, zikiwa na njia mpya ya ndani iliyojulikana kama Micro Channel. Kiufundi, ilikuwa hatua kubwa mbele: ilikuwa na kasi zaidi, nayo mashine iliweza kupanga kadi zake bila mtumiaji kuhangaika na vibonye vidogo. Lakini ilikuwa na kasoro mbili. Kadi za zamani hazikuweza kuingia, na kampuni yoyote iliyotaka kuitumia ilitakiwa kupata leseni ya IBM na kulipa mrabaha.

Wapinzani walikataa. Septemba 1988, kampuni tisa, AST, Compaq, Epson, Hewlett-Packard, NEC, Olivetti, Tandy, Wyse na Zenith, zilitangaza njia yao iitwayo EISA. Magazeti yalilibandika kundi hilo jina la Genge la Tisa. EISA ilikuwa na upana wa biti 32 sawa na ile ya IBM, lakini ilizikubali kadi zote za zamani, na hapakuwa na mrabaha wa kuilipa IBM.

EISA yenyewe haikuenea sana nje ya seva za bei ghali. Hata hivyo, ilitimiza jambo moja muhimu: ilionyesha kwamba hata kampuni kubwa kuliko zote haiwezi kuweka kizuizi barabarani iwapo wasafiri wanaweza kuungana na kuchonga njia nyingine. Micro Channel ilififia hadi IBM yenyewe ikaiacha.

Intel ilikuwa imelielewa somo hilo. Mwaka 1992 ilipotoa njia mpya iitwayo PCI, haikuikumbatia peke yake. Uendelezaji wake ulikabidhiwa muungano ulioundwa mwaka huo huo, PCI-SIG. Kufikia mwisho wa muongo huo, PCI ilikuwa ndani ya karibu kila tarakilishi ya mezani, zikiwemo zile za Apple.

WANAOKETI MEZANI

Miungano hii hufanana kwa muundo. Katikati huwa na kampuni chache waanzilishi, ambazo huunda bodi na kuamua mwelekeo. Nje yao kuna wachangiaji, wanaotuma wahandisi katika kamati za kiufundi na kuruhusiwa kuona rasimu kabla hazijatangazwa. Duara la nje kabisa ni la kampuni zinazotia saini mkataba wa kutumia kiwango kikishakamilika, lakini ambazo hazina sauti katika uandishi wake.

USB, kwa mfano, huongozwa na kundi la kampuni saba: Apple, HP, Intel, Microsoft, Renesas, STMicroelectronics na Texas Instruments. Shirika linalosimamia nembo, majaribio na uanachama, USB Implementers Forum, lilianzishwa mwaka 1995 na lina makao yake Beaverton katika jimbo la Oregon, Marekani. PCI-SIG pia ina makao yake mji huo huo. Ina wanachama zaidi ya 900, lakini bodi yake ina viti tisa pekee.

Wahandisi wanaohudhuria vikao hubaki kuwa waajiriwa wa kampuni zao, na miungano yenyewe huwa na watumishi wachache. Ndiyo maana kila pendekezo la kiufundi huwa na maslahi nyuma yake. Kampuni inayouza chipu za bei nafuu itapigania muundo rahisi, hali inayouza seva itataka uwezo mkubwa. Mwenye kiwanda ambacho tayari kimeanza kuunda kifaa fulani atajitahidi waraka ufanane na kile alicho nacho.

Umbo la plagi ya kwanza ya USB ni ushahidi wa mivutano hiyo. Watu wengi wameilaumu kwa kuwa huingia upande mmoja tu. Ajay Bhatt, mhandisi mzaliwa wa India aliyeongoza kazi hiyo katika kampuni ya Intel, ameeleza kuwa plagi ya kuingia pande zote ingehitaji nyaya nyingi zaidi na kupandisha gharama. Wakati huo lengo lilikuwa kuzishawishi kampuni za kibodi na vipanya, ambazo huhesabu kila senti, kukubali kitu kipya. Urahisi wa mtumiaji ulisubiri hadi Agosti 2014, ilipotoka plagi ya Type-C yenye pini 24.

Kwa kuwa washindani wanaokutana faraghani huweza kushukiwa kupanga njama dhidi ya wanunuzi, vikao huwa na sheria kali. Ni marufuku kuzungumzia bei, wateja au mgao wa soko. Kinachoruhusiwa ni masuala ya kiufundi pekee.

SAFARI YA RASIMU

PCI-SIG ina utaratibu ulio wazi kuliko mingi. Waraka huanza ukiwa rasimu nambari 0.3, ambayo huwa na mawazo makuu na malengo ya kasi. Rasimu ya 0.5 ndiyo ya kwanza iliyo kamili kiasi cha kusomwa na kujadiliwa na wanachama wote. Kufikia 0.7, vipengele vyote huwa vimewekwa na tabia ya umeme imehakikiwa kwa kutumia chipu za majaribio.

Rasimu ya 0.9 ina umuhimu wa pekee. Hapo wanachama huupitia waraka na mawakili wao, kila kampuni ikitafuta iwapo kuna hataza yake iliyoguswa. Hatua hiyo ikipita, hutolewa toleo la 1.0, na viwanda huanza kazi kwa ujasiri.

Utaratibu huo umezaa mfululizo wenye nidhamu. PCI Express, iliyochukua nafasi ya PCI, ilianza mwaka 2003 ikiwa na kasi ya biti bilioni 2.5 kwa sekunde katika kila njia. Toleo la tatu la mwaka 2010 lilifikia bilioni 8, la nne mwaka 2017 bilioni 16, la tano mwaka 2019 bilioni 32, na la sita la Januari 2022 bilioni 64. La saba, lililotolewa Juni 2025, linafikia bilioni 128. Kadi ya mwaka 2003 bado imeruhusiwa kufanya kazi ndani ya soketi ya sasa, kwa kasi yake ya zamani. Ahadi hiyo ya kutomtupa mteja wa jana ndiyo iliyoikosesha Micro Channel soko.

HATAZA NA TAMAA

Hofu kubwa ya kila anayeketi mezani ni kwamba mwenzake anaficha hataza mfukoni. Kiwango kikishaenea na mabilioni ya dola yakishawekezwa, mwenye hataza iliyofichwa anaweza kujitokeza na kudai malipo kutoka kwa kila mtu. Wakati huo hakuna anayeweza kurudi nyuma.

Kesi iliyoitikisa sekta hiyo ni ya Rambus, kampuni ya California iliyojiunga na JEDEC, chombo kinachounda viwango vya kumbukumbu za tarakilishi, mapema katika miaka ya tisini na kujiondoa mwaka 1996. Mwaka 2000 Rambus ilianza kuzishtaki kampuni za kumbukumbu, Infineon ya Ujerumani ikiwa miongoni mwazo, ikidai kuwa kiwango kilichokuwa kimepitishwa kiligusa hataza zake. Washtakiwa walijibu kwamba Rambus iliketi nao bila kuwaambia kuhusu maombi yake ya hataza. Rambus ilikana kuwa ilivunja kanuni yoyote.

Mwaka 2001 baraza la mahakama liliiona Rambus kuwa na hatia ya ulaghai, lakini mwaka 2003 mahakama ya rufaa ilibatilisha uamuzi huo, ikisema kanuni za JEDEC kuhusu wajibu wa kufichua hataza hazikuwa na maelezo ya kutosha. Tume ya Biashara ya Marekani ilitoa uamuzi dhidi ya kampuni hiyo mwaka 2006, nao pia ukabatilishwa na mahakama ya rufaa Aprili 2008.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Baada ya mashtaka hayo, miungano ilianza kuandika kanuni zake za hataza kwa uangalifu mkubwa. Mikataba mingi sasa humtaka mwanachama ama kufichua hataza zinazohusika, ama kuahidi mapema kwamba atatoa leseni kwa masharti ya haki na bila ubaguzi. Katika USB, walioshiriki kuandika kiwango huahidi kutodai mrabaha wowote kwa sehemu za lazima.

Uzito wa ahadi hiyo huonekana katika mashindano ya USB na FireWire. FireWire, ambayo Apple ilikuwa miongoni mwa waasisi wake wakuu, iliidhinishwa mwaka 1995 ikiwa na kasi ya hadi megabiti 400 kwa sekunde. USB ya kwanza ilifikia megabiti 12 tu. Kwa mtazamo wa mhandisi, hapakuwa na mashindano.

Lakini Apple ilitaka kulipwa dola moja kwa kila soketi. Baada ya malalamiko, mwaka 1999 wenye hataza walikubaliana kutoza senti 25 za dola kwa kila kifaa. Kiasi hicho huonekana kidogo, ila kwa anayetengeneza mamilioni ya vifaa vya bei ya chini, kila senti huhesabika. Intel, kwa upande wake, haikutoza chochote kwa USB, kwa kuwa faida yake ilikuwa katika kuuza chipu kwa tarakilishi nyingi zaidi.

USB ikaongezwa kasi hadi megabiti 480 mwaka 2000, na FireWire ikaanza kubaki nyuma. Hata iPod, iliyozinduliwa na Apple mwaka 2001 ikiwa na FireWire pekee, iliongezewa USB mwaka 2003, na kufikia 2005 miundo mipya haikupokea data tena kwa FireWire. Kampuni iliyotoza ada iliishia kutumia soketi ya mpinzani asiyetoza.

WARAKA SI KIFAA

Waraka ukikamilika, kazi haijaisha. Sentensi moja inaweza kusomwa kwa njia mbili na wahandisi wawili waaminifu, na vifaa vyao vikashindwa kuelewana. Ndiyo maana miungano huandaa warsha ambako kampuni huleta vifaa ambavyo havijafika sokoni na kuvichomeka katika vya wapinzani, zikiwa zimeapa kutotoboa siri ya kilichoonekana. Kinachofaulu huorodheshwa na kuruhusiwa kubeba nembo.

Umuhimu wa majaribio ulionekana hadharani Aprili 1998 jijini Chicago, Bill Gates alipokuwa jukwaani kuonyesha mfumo wa Windows 98. Msaidizi wake alichomeka skana kwa waya wa USB ili umati ushuhudie jinsi mashine ingeitambua yenyewe. Badala yake skrini iligeuka buluu na mfumo ukazima. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko.

Miaka 18 baadaye, kosa la aina hiyo halikuchekesha. Benson Leung, mhandisi wa Google, alikuwa amejitwika jukumu la kununua na kupima nyaya za Type-C zilizouzwa mtandaoni. Alizigundua nyingi zilizowekwa kizuia-umeme kisichofaa, hivyo simu ingeweza kuvuta umeme kupita uwezo wa chaja. Februari 2016 waya mmoja, ambao nyaya zake za ndani zilikuwa zimebadilishana mahali, uliharibu kipakatalishi chake papo hapo. Mwezi uliofuata Amazon ilipiga marufuku uuzaji wa nyaya za Type-C zisizofuata kiwango.

Kisa hicho kinaonyesha mpaka wa nguvu za miungano. Inaweza kumnyima nembo anayekiuka, lakini haina polisi wa kumzuia kuuza.

KASORO ZA MIUNGANO

Kasoro ya kwanza ni gharama. Uanachama wa USB umekuwa ukigharimu dola 5,000 kwa mwaka. Asiye mwanachama anayehitaji nambari ya utambulisho, ambayo kila mtengenezaji wa kifaa cha USB anapaswa kuwa nayo, hutozwa dola 6,000. Kwa Intel au Apple hizo ni fedha za chai. Kwa vijana wanne wanaounda kifaa cha kwanza katika karakana, iwe Nairobi au Kampala, huenda zikawa mtaji wote.

Kasoro ya pili ni kwamba mnunuzi hana kiti. Hali hiyo hudhihirika katika majina. USB ya mwaka 2008, yenye kasi ya gigabiti tano, iliitwa 3.0. Toleo jipya lilipotoka mwaka 2013, ile ya zamani ikabatizwa upya kuwa 3.1 Gen 1, na baadaye 3.2 Gen 1. Ni kasi ile ile kwa majina matatu. Wauzaji walinufaika kwa kuwa bidhaa ya jana ilionekana mpya, huku mnunuzi akiachwa gizani. Vilevile, umbo la Type-C halimwambii mtu iwapo waya ulio mkononi mwake unapitisha data kwa kasi, umeme mwingi, picha, au ni wa kuchaji tu.

Ya tatu ni kuzorota kwa kasi yenyewe iliyokuwa sababu ya kuunda miungano. Kati ya toleo la tatu na la nne la PCI Express ilipita miaka saba. Waliochoka kusubiri walianzisha vyama vyao. Mwaka 2016 pekee kulitokea vitatu, CCIX, Gen-Z na OpenCAPI, vyote vikitaka kuunganisha chipu na kumbukumbu kwa kasi kubwa zaidi. Mwaka 2019 Intel na wenzake wakatoa cha nne, CXL, kilichotumia nyaya zile zile za PCI Express. Hatimaye vile vitatu vya awali vilikabidhi kazi zao kwa CXL kimoja baada ya kingine. Fedha na miaka ya wahandisi wengi ilikuwa imetumika kujenga njia ambazo hakuna apitaye.

SERIKALI YAINGILIA

Kwa muda mrefu serikali zilitazama kutoka pembeni. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya iliwashawishi watengenezaji wakuu wa simu kukubali kwa hiari chaja ya aina moja. Makubaliano hayo yaliacha mwanya wa kutumia kiunganishi cha kati, na Apple ikaendelea na soketi yake. Mwaka 2012 ilizindua nyingine iitwayo Lightning, ambayo watengenezaji wa vifaa vya pembeni walihitaji idhini yake ili kuitumia.

Subira ya Ulaya iliisha. Oktoba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha, kwa kura 602 dhidi ya 13, sheria inayotaka simu na vifaa vingine vidogo vinavyouzwa katika nchi za muungano huo vitumie Type-C. Sheria hiyo ilianza kutekelezwa Desemba 28, 2024, huku vipakatalishi vikiwekewa tarehe ya Aprili 28, 2026. Apple haikusubiri siku ya mwisho: iPhone 15 ya Septemba 2023 ilitoka na Type-C. Kinaya ni kwamba kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizoshiriki kuunda kiwango hicho.

Safari ya waraka huo inastahili kuzingatiwa. Ulianza kwa wahandisi wa kampuni chache, ukakabidhiwa IEC na kupewa nambari 62680 miongoni mwa viwango vya kimataifa, kisha nambari hiyo ikaandikwa ndani ya sheria ya Ulaya. Maandishi ya chama cha kibinafsi yakawa amri kwa kila atakaye kuuza simu Paris au Berlin. Na kwa kuwa viwanda havipendi kuunda simu mbili tofauti, athari zake zimefika hata kwa mnunuzi wa Luthuli Avenue, Nairobi, ambaye hakupiga kura Ulaya wala kuketi Beaverton.

MPAMBANO MPYA

Leo mvutano umehamia katika majumba makubwa ya seva yanayoendesha akili bandia. Maelfu ya chipu hulazimika kufanya kazi kama mashine moja, na kasi ya nyaya zinazoziunganisha ni muhimu sawa na kasi ya chipu zenyewe. Nvidia, inayotawala soko hilo, hutumia njia yake yenyewe iitwayo NVLink, iliyoanza kutumika katika bidhaa zake mwaka 2016.

Mei 2024 wapinzani na wateja wake, wakiwemo AMD, Google, Intel, Meta na Microsoft, walitangaza mpango wa UALink. Waraka wa kwanza ulitoka Aprili 2025, ukiruhusu hadi chipu 1,024 kuunganishwa. Mwezi uliofuata Nvidia ilitangaza kwamba ingeiruhusu NVLink kutumika pamoja na chipu za kampuni nyingine, kwa masharti yake.

Anayekumbuka mwaka 1988 ataiona hadithi ile ile: mwenye nguvu mlangoni, na wasio na nguvu wakishikana mikono kutafuta mlango mwingine. Lakini historia haitoi hakikisho. Genge la Tisa lilimshinda IBM kwa kuwa wateja tayari walikuwa na shehena ya kadi za zamani ambazo hawakutaka kuzitupa. Safari hii programu nyingi za wateja zimeandikwa kwa mashine za Nvidia, na mzigo huo wa zamani unaegemea upande wa mwenye mlango.

Kwa mataifa yanayonunua vifaa badala ya kuviunda, Kenya ikiwemo, mambo mawili yanabaki kuwa muhimu. Kwanza, mnunuzi wa waya au chaja hana budi kuangalia nembo na kiwango cha umeme kilichoandikwa, kwa kuwa umbo la plagi pekee si dhamana. Pili, vyuo na kampuni chipukizi zinazotaka kuunda vifaa vya tarakilishi zitahitaji kujua si tu namna ya kuusoma waraka wa kiwango, bali pia ni nani aliyeuandika, aliahidi nini kuhusu hataza zake, na kiti katika meza hiyo kinagharimu kiasi gani.